SAFARI YETU YA MWEZI: KIJIJI CHA MIPLAMU, UFARANSA

Natumaini upepo wa juzi haukung'oa turubai la mtu.

Ukurasa huu mmeshauzoea. Tunasafiri bila nauli na bila mizigo, na ukirudi unakuta maharage bado yanachemka jikoni. Mwezi uliopita tulipanda Mlima Kilimanjaro, na mzee mmoja akanishika pale kwenye bomba la maji akasema, "Mwalimu, miguu inaniuma kwa ajili yako." Basi mwezi huu hatupandi mlima. Tunakwenda shambani. Shamba lenyewe liko mbali, Ufaransa, lakini shamba ni shamba, mtaona wenyewe.

Mimi sijafika huko, nisiwadanganye. Kitabu kilikuja ndani ya sanduku la vitabu vya msaada, cha Kifaransa, hakina jalada. Nilitaka kukiweka chini ya mguu wa meza inayoyumba. Nikakifungua nikaona picha: watawa wenye vichwa vilivyonyolewa, nguo za kahawia, wameinama kwenye matuta ya mboga. Nikasema, kumbe hawa nao wanalima? Nikakisoma chote, kisha nikaendelea kutafuta habari zake kwenye simu kila nilipopata bando. Meza bado inayumba.

Mahali hapo panaitwa Plum Village, yaani Kijiji cha Miplamu. Ni kusini-magharibi mwa Ufaransa, karibu kilomita 85 mashariki ya mji wa Bordeaux, sehemu za Thénac na vijiji vya jirani. Si kijiji kimoja, ni vitongoji vilivyoachana. Kitongoji cha Juu wanakaa watawa wanaume, Kitongoji cha Chini watawa wanawake, na kuna Kitongoji Kipya cha watawa wanawake pia. Nchi ni ya vilima vidogo vidogo. Ukitazama huku unaona mizabibu imepangwa mistari, huku alizeti, huku msitu. Nyumba za mwanzo zilikuwa mabanda ya zamani ya mawe, ya wakulima. Watu wa kwanza waliofika walilala humo juu ya mbao zilizowekwa juu ya matofali, na kigodoro chembamba. Hapo sina haja ya kuwaeleza zaidi, wengi wenu mmelalia hivyo.

Ni kituo cha mafungo, au retreti kama Wakatoliki wetu wanavyosema. Watu wanatoka mijini na kelele zao, wanakaa wiki moja au zaidi, wanajifunza kutulia na kutafakari. Wenyeji ni Wabudha. Najua kuna atakayeuliza mbona mwalimu anatuletea dini ya watu. Hapana, siwaletei dini, kila mmoja aendelee na msikiti wake au kanisa lake. Nawaletea shamba na mtu aliyelianzisha, kwa sababu mtu huyo alikuwa mkimbizi kama sisi.

Jina lake Thich Nhat Hanh. Wanafunzi wake walimwita Thay, maana yake Mwalimu. (Hapo nilifurahi kidogo.) Alizaliwa mwaka 1926 katika mji wa Hue, Vietnam, akaingia utawa akiwa na miaka 16. Vita ilipokuja hakutaka kukaa ndani ya hekalu akisali huku mabomu yanaanguka nje. Aliwafundisha vijana kwenda vijijini kujenga shule na zahanati, na kusimamisha tena nyumba zilizobomolewa. Mwaka 1966 alisafiri kwenda Marekani na Ulaya kuomba vita isimame. Alikuwa na miaka 39. Alifikiri ni safari ya miezi michache tu. Lakini ukisema amani katikati ya watu wanaopigana, kila upande unakuona wa upande mwingine. Mlango wa kurudi ukafungwa. Mwaka 1967 Martin Luther King alipendekeza apewe Tuzo ya Nobel ya Amani. Mwaka ule tuzo haikutolewa kwa mtu yeyote. Na nyumbani hakurudi mpaka Januari 2005, kwa ziara, akiwa mzee wa miaka 78. Hesabuni wenyewe: aliondoka na miaka 39, akakaa nje miaka 39.

Aliandika kwamba miaka ya mwanzo alikuwa akiota ndoto moja mara kwa mara. Anapanda kilima chenye miti ya kijani, kilima cha hekalu lake la ujana. Akifika katikati anaamka, anakumbuka kwamba yuko ugenini. Niliposoma hapo nilifunga kitabu kwanza. Mama yangu ana ndoto yake ya kisima chetu kule Rutshuru. Anafika na ndoo, anainama, na kabla ya kuchota anaamka. Tulivuka mpaka mwaka 2008, mimi nikiwa na miaka 6, na hiyo ndoto naisikia ikisimuliwa asubuhi tangu nilipoanza kuelewa maneno.

Kabla ya Kijiji cha Miplamu, Thay na wenzake walikuwa na kipande kidogo cha ardhi kusini-mashariki ya Paris, upande wa Troyes. Wakakiita Viazi Vitamu. Sababu yake ni kwamba Vietnam mkulima maskini akikosa mchele anakula viazi vitamu vilivyokaushwa. Walitaka jina la kuwakumbusha watu hao. Nafikiri sisi tungepaita Sombe. Hapo walilima mboga, waliandika, na walifunga vifurushi vya dawa vya kutuma kwa familia zilizobaki Vietnam. Mama mmoja mtawa, Chân Không, ndiye aliyekuwa mkono wake wa kulia katika kazi hizo. Miaka ya 1976 na 1977 wawili hao walikwenda hadi Singapore, wakakodi meli za kuwaokoa Wavietnam waliokuwa wakikimbia baharini kwa vimashua. Walizuiwa, kazi haikufika mwisho, wakarudi Ufaransa kwenye mboga zao.

Mwaka 1982 Viazi Vitamu ilikuwa imekuwa ndogo, watu wanaongezeka. Wakatafuta ardhi kusini ambako kuna joto kidogo. Walipata shamba walilolipenda lakini mwenye shamba hakutaka kuuza, alilipenda mno. Mwaka huohuo mvua ya mawe ikapiga mizabibu yake yote, akalazimika kuuza. Habari hiyo ilinikaa vibaya, nasema kweli. Mmoja anapata pa kukaa kwa sababu mwingine amepoteza. Na sisi hapa tulipopewa viploti, je, nani alikuwa akichunga ng'ombe hapo kabla yetu? Wenyeji wetu wazee wanajua. Tuwe tunawauliza wakati mwingine.

Mwanzoni walitaka kupaita Kijiji cha Mipersimoni, tunda linalopendwa kwao. Persimoni ni kama nyanya kubwa ya rangi ya chungwa, tamu likiiva. Lakini ile ni nchi ya miplamu tangu zamani, ardhi na baridi yake vinaikubali. Basi wakasikiliza ardhi, wakaacha tunda la kwao na kupanda tunda la wenyeji. Walipanda miti 1,250. Hesabu hiyo ni ya wanafunzi wa kwanza wa Budha kwa jinsi wanavyosimulia. Plamu inafanana na zambarau lakini ni kubwa zaidi, karibu kama yai dogo la kuku, na ndani ina kokwa ngumu.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ya watoto. Watoto waliokuja na wazazi wao wakati wa likizo walitoa pesa zao za peremende kununua miche. Waliambiwa wazi: mti huu hautazaa mwaka huu wala mwakani. Ngojeni miaka sita, saba. Na ukizaa, pesa za matunda zitakwenda kwa watoto wenye njaa wa Vietnam na nchi nyingine maskini. Watoto wakatoa hivyohivyo. Mtoto wa miaka 8 ananunua mti utakaozaa akiwa na miaka 15, kwa ajili ya mtoto asiyemjua.

Sasa tuingie shambani tuone mwaka unavyokwenda.

Sisi tunajua mvua na jua. Huko majira ni manne. Januari ni baridi kali, miti haina jani hata moja. Mtu wa kambini akifika siku hiyo atasema imekufa, atarudi na panga achukue kuni. Haijakufa, imelala. Tena mplamu unahitaji baridi hiyo, bila majuma mengi ya baridi hautoi maua vizuri. Kwa hiyo msiniombe mbegu, kwa joto letu hili itakuwa kazi bure. Wakati mti umelala ndipo wanapogoa matawi ili jua liingie katikati. Majiko ya kuni yanawaka ndani ya nyumba.

Watawa pia wana desturi yao kubwa, siku 90 za kutotoka. Hawasafiri, wanasoma na kutafakari pamoja. Nilitafuta desturi hiyo ilitoka wapi. Ilianza India zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Watawa walikuwa wanatembea kijiji hadi kijiji, na mvua zikianza walikuwa wanakanyaga mimea michanga ya wakulima na wadudu waliojaa njiani. Watu wakalalamika. Ikapangwa kwamba miezi mitatu ya mvua kila mtawa akae mahali pamoja. Kwa hiyo chanzo chake ni shamba la mkulima lisikanyagwe! Ufaransa hawaifanyi kiangazi, kwa sababu hicho ndicho wageni wengi wanachoweza kuja. Niliwasomea hapo wanafunzi wa darasa la nne, hasa wale wanaokata njia katikati ya mahindi ya Mama Furaha. Walitazama chini.

Mwisho wa Machi miplamu inafunguka maua meupe kabla ya majani. Wote wanasema ni kuzuri sana, lakini mkulima halali vizuri. Usiku mmoja tu wa barafu wakati maua yamefunguka, mavuno yamekwenda.

Julai ni kiangazi, familia zinakuja na watoto kutoka nchi nyingi. Mwaka 1983, mara ya kwanza, walikuja watu mia na kidogo. Siku hizi ni wengi mno kwa vyumba vyao na wengi wanalala kwenye mahema. Hapa darasa langu lilikataa kuendelea. "Mwalimu, wanalala kwenye hema kwa kupenda?" Ndiyo. "Na wanalipa?" Ndiyo, wanalipa. Kelele ilikuwa kubwa hadi mwalimu wa darasa la tano akaja kuchungulia. Mtoto mmoja akasema tuwaandikie barua waje hapa, tutawapunguzia bei.

Chakula ni mboga, nafaka na kunde, nyama hakuna. Tangu mwaka 2007 wameacha na mayai na maziwa, kwa ajili ya kutunza dunia. Darasa likasema basi na sisi ni watawa, mahindi na maharage kila siku ya Mungu. Nilicheka, lakini kucheka kwenyewe kulikuwa na uchungu ndani yake. Kuacha nyama iliyopo na kukosa nyama si kitu kimoja.

Agosti ikiisha na Septemba ndiyo mavuno ya plamu katika nchi ile. Hazichumwi mbichi. Zinaachwa ziive juu ya mti, kisha mti unatikiswa zinaanguka. Wakulima wa huko wanazikausha kwenye tanuri kama saa 20, hadi ziwe nyeusi na mikunjo kama uso wa bibi. Kilo tatu na zaidi za plamu mbichi zinatoa kilo moja tu ya kavu. Mama zetu wanaoanika muhogo wanaijua hesabu hiyo.

Mwaka 2013 Kitongoji cha Juu walianzisha shamba la mboga, wakaliita Shamba la Furaha. Vijana wa kujitolea wanakuja kukaa msimu mzima, wanalima bila mbolea ya kiwandani wala dawa, wanarudisha majani na takataka za jikoni ardhini. Kinachonivutia ni namna ya kufanya kazi. Kengele ikilia, kila mtu anasimama pale alipo. Mwenye jembe analishusha, mwenye kuosha sahani anaacha mikono kwenye maji. Wanavuta pumzi tatu taratibu, halafu kazi inaendelea. Hata saa ya ukutani ikigonga kila robo saa ni hivyohivyo, hata simu ikilia. Wanasema kulima ni kutafakari sawa na kukaa kimya.

Hapo mimi nina neno langu. Kulima umeshiba na kulima kwa sababu ukiacha watoto watalala njaa, hizo ni kazi mbili tofauti. Mama yangu akiwa na jembe saa saba ya jua hatafakari, anahesabu debe ngapi. Lakini jambo la kengele nililijaribu. Kengele yetu ya shule, mnaijua, ni rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti. Niliwaambia wanafunzi, rimu ikigongwa, kabla ya kukimbia nje, pumzi tatu. Siku ya kwanza walicheka mpaka machozi. Siku ya pili walivuta pumzi kama wanaopiga mbizi. Juma la tatu kuna mtoto mmoja, simtaji, aliyefika hapa mwaka jana na ambaye mlango ukigonga kwa nguvu anajificha chini ya dawati. Sasa rimu ikigongwa anabaki kwenye kiti. Sijui ni pumzi au ni muda umepita. Nimeendelea nayo.

Sasa nirudi kwenye miti, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Nyumbani kwetu hapa kambini hatujawahi kupanda kitu kinachozidi mvua moja. Lengalenga, majuma machache unakula. Maharage, miezi mitatu. Hata muhogo ulileta ugomvi, kwa sababu muhogo ni mwaka. Mama alikuwa anasema, "Mtu hapandi mti kwenye nyumba ya mtu. Tukipanda tutakuwa tumekubali." Kila mwaka ilikuwa mwakani tunarudi. Sasa hebu ona, avoka ya mbegu inaweza kuchukua miaka saba, hata kumi. Kama tungeiweka chini mwaka ule wa 2008, siku hizi tungekuwa tunauza sokoni. Nilipomwambia hivyo alinyamaza, halafu akasema, "Wewe mwalimu, umejifunza kuhesabu vizuri." Sikujisikia vizuri hata kidogo.

Thay aliendelea kutaka kurudi kwao. Hakuwahi kusema Vietnam si chochote. Alipanda miti 1,250 huku bado anaomba ruhusa ya kurudi. Aliandika pia kwamba alianza kujifunza miti ya Ulaya, ndege wake, watoto wake, na polepole ile ndoto ya kilima ikaacha kumjia. Na mwishoni alirudi kweli. Mwaka 2018, akiwa mgonjwa na hawezi tena kusema, alipelekwa kwenye hekalu lake la ujana kule Hue, na ndipo alipofariki tarehe 22 Januari 2022, akiwa na miaka 95. Miplamu aliiacha Ufaransa, wengine wanaitunza.

Nilimsomea Mama habari hizo zote usiku, nikitafsiri kutoka Kifaransa. Aliuliza swali moja tu: "Alipanda mwaka wa ngapi wa kukimbia?" Nikamwambia wa kumi na sita au wa kumi na saba hivi. Akasema, "Mm." Asubuhi yake nikakuta kokwa ya avoka imewekwa juu ya dirisha.

Lakini hakukubali iingie ardhini. Aliipanda kwenye kopo la mafuta ya msaada, lile kubwa la bati, akalitoboa chini kwa msumari. "Hivi siku tukirudi tutaubeba." Mche umemea vizuri, sasa umefika kifuani kwangu. Tatizo, mti kwenye kopo haukai. Mizizi ikikosa nafasi inajizungusha yenyewe ndani, mti unadumaa, na ukikawia sana hata ukiuhamisha baadaye hautashika vizuri. Mizizi imeshatokea kwenye matundu ya chini. Mvua hizi zikipita, itakuwa tumechelewa.

Shimo nimechimba nyuma ya jiko, mkono mmoja kwenda chini, nikaweka majivu na samadi ya mbuzi wa jirani. Sikumwambia Mama ni la nini. Leo asubuhi amelipita mara mbili na ndoo yake. Mara ya pili alisimama, akalichungulia, akasema lina kina kidogo.

Darasani tuna miche mingine 14 ya avoka waliyoiotesha watoto wa darasa la nne. Anayetaka aje Jumamosi baada ya mgao. Aje na jembe, na asiye na jembe aje na kopo.

Ni mimi mwalimu wenu wa kujitolea, darasa la nne.